WALINIITA ‘DOKTA’, KUMBE NILIKUWA NAUZA PIPI

Mpenzi msomaji, wiki hii tuyaweke pembeni kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele. Nina jambo limenikaa rohoni kwa miezi kadhaa, na leo nalimwaga hapa hapa ukurasani. Ukitaka kunicheka nicheke, ukitaka kunisonya nisonye. Ila soma mpaka mwisho, maana huenda hata wewe jana umenunua vidonge viwili dirishani, ukavimeza bila kujua aliyekuuzia ni nani.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalitoka, nikaambulia Divisheni Four. Kwenye Kemia ndio usiseme, F iliyonyooka. Nikakaa kijiweni miezi mitano nikipiga soga na washikaji, mpaka mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa na duka la dawa akamwambia mama kwamba anatafuta kijana mwaminifu asiye mdokozi. Mama akanitaja mimi. Jumatatu asubuhi nikavalishwa koti jeupe lililonizidi mikono, nikasimama nyuma ya kaunta.

Hata saa nne haijafika, akaingia mama mmoja mtu mzima kabisa, akaegemea kaunta akasema, “Dokta, naomba unisaidie, mgongo unaniua.”

Haki ya Mungu, niligeuka nyuma kutazama anaongea na nani.

Mafunzo yangu ya udaktari yalichukua siku moja tu. Bosi alinipitisha kwenye rafu kwa kidole: mafua hizi, tumbo zile, minyoo hizi za bati, kikohozi na vidonda hivi vidonge vya rangi mbili. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: usimrudishe mteja. Akija na mia tano mpe za mia tano, akija na mia mbili mpe za mia mbili. Nikamwuliza, “Na dozi je?” Akacheka. “Dozi ni mfuko wa mteja, kijana.”

Basi bwana, nikawa dokta. Mtaani heshima ikapanda. Wasichana waliokuwa wakinipita kama nguzo ya umeme wakaanza kunisalimia. Na mimi sikuwa na hiyana, nilitoa dawa kama muuza pipi anavyotoa chenji.

MJOMBA DOKTA

Dada yangu anayenifuata kwa juu ana mtoto wa kiume, tunamwita Junior. Wakati ule alikuwa na miaka miwili na kitu, mtoto wa mafua na kikohozi kila mwezi, mara tumbo linaharisha. Hospitali kuna foleni na nauli. Mdogo wake dada yuko duka la dawa, amevaa koti jeupe. Wewe ungefanyaje?

“Mdogo wangu, jioni ukirudi niletee zile za mtoto,” dada ananiambia. “Zile” zilikuwa vidonge vya rangi mbili, tetrasaikilini. Nilikuwa nakifungua kidonge, namwaga unga kwenye kijiko, nakadiria kwa macho nusu, halafu nachanganya na sukari ili mtoto asiteme. Siku mbili akichangamka tunaacha. Mwezi ujao akikohoa tunaanza tena. Hivyo hivyo mwaka mzima na zaidi, mpaka nilipoacha ile kazi kwa ajili ya mshahara uliokuwa hauonekani.

Leo Junior ana miaka kumi. Meno ya utoto yameng’oka, yameota ya ukubwani, na ya mbele yametoka na rangi ya chai ya rangi, yenye mistari. Mtoto anapiga mswaki mpaka fizi zinatoka damu. Shuleni wenzake wamempa jina ambalo siliandiki hapa. Siku hizi akicheka anaweka kiganja mdomoni, kama bibi harusi.

Mapema mwaka huu nilimsindikiza dada kumpeleka kwa daktari wa meno. Daktari alimfungua mdomo, akaangalia kwa taa, akauliza swali moja tu: “Huyu mtoto alipokuwa mdogo, alikuwa akipewa dawa gani?”

Dada akafikiri, akasema, “Sikumbuki, daktari. Za kawaida tu.”

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale pale. Nilikumbuka. Nikanyamaza.

NIKAMTAFUTA MKEMIA

Tulipokuwa sekondari kulikuwa na mshikaji tuliyembatiza jina la Mkemia. Sisi tukichora katuni nyuma ya daftari, yeye anapatanisha milinganyo. Akaenda kidato cha tano na sita, akaingia Muhimbili kusomea famasia. Sasa ni mfamasia kamili. Nilimpigia simu nikamwambia nataka kuandika makala kuhusu chuo chao. Hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine nilitaka kujua nilimfanya nini mtoto wa dada yangu.

Tulikubaliana tuonane siku aliyokuwa na shughuli chuoni. Nikashuka kituo cha Fire, nikaifuata kwa miguu Barabara ya Umoja wa Mataifa mpaka Upanga. Wewe mtu wa Dar unapajua. Wauza matunda, wauza maua, ndugu wa wagonjwa na vikapu vyao vya chakula, na vijana wenye makoti meupe wakivuka barabara wanacheka. Kuyaona yale makoti tu, tumbo likanisokota.

Mkemia alinipokea getini. Nikamwuliza, “Nyie mmeanza lini hapa?” Akaniambia twende kivulini, maana hadithi ni ndefu.

KABLA YA FAMASIA

Usidhani Muhimbili ilianza na majengo haya. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwepo tajiri mmoja mwenye asili ya Kihindi, Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mkubwa wa Bagamoyo na Zanzibar. Fedha yake ndiyo iliyojenga hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake mwaka 1897. Ndio maana mpaka leo unasikia mtu akisema mgonjwa wake amelazwa Sewahaji. Mwaka 1956, enzi za Mwingereza, ikafunguliwa hospitali mpya Upanga kwa jina la Princess Margaret. Baada ya Uhuru jina hilo likaondoka, ikawa Muhimbili.

Mwaka 1963 ikaanzishwa pale shule ya udaktari chini ya Wizara ya Afya. Mwaka 1968 shule hiyo ikageuzwa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo madaktari tukaanza kuwapika wenyewe. Lakini daktari anaandika dawa. Nani anaijua dawa yenyewe? Waliotaka kuwa wafamasia wa shahada ilibidi wavuke mipaka, wakasome nchi za watu.

Hapo ndipo ukafika mwaka 1974. Ndani ya Kitivo cha Tiba ikafunguliwa Idara ya Famasia. Kumbuka ni miaka saba tu tangu Azimio la Arusha, nchi nzima inaimba kujitegemea. Mwaka huo huo wa 1974, pale pale Muhimbili, kikaanzishwa pia kitengo cha kutafiti dawa za asili. Kwa maneno mengine, mwaka mmoja nchi iliamua mambo mawili: kuwa na wataalamu wake wa dawa za viwandani, na kuacha kudharau mizizi ya babu bila kuipima.

Mengine nayapitia haraka. Mwaka 1976 hospitali na kitivo viliunganishwa kuwa kituo kimoja cha tiba. Mwaka 1991 Muhimbili ikawa chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kile kitengo cha dawa za asili kikapanda kuwa taasisi kamili. Mwaka 2007 chuo kikasimama chenyewe, ndio hiki tunachokiita Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Ile idara ya 1974 leo ni Skuli ya Famasia. Kwa miaka mingi ilikuwa peke yake nchini kutoa shahada hiyo. Sasa vipo na vyuo vingine, kama Bugando kule Mwanza na St. John’s kule Dodoma.

WANASOMA NINI MIAKA YOTE HIYO?

Hili ndilo lililonishangaza, msomaji wangu. Mimi nilijifunza kazi siku moja. Mkemia amesoma miaka minne ya shahada, juu ya kidato cha sita cha sayansi. Akimaliza hapewi kaunta. Anafanya mwaka mmoja mzima wa mazoezi ya kazi chini ya wakubwa zake. Halafu ndipo asajiliwe na Baraza la Famasi. Miaka mitano!

“Sasa miaka mitano yote mnasoma majina ya dawa?” nikamchokoza.

Akacheka, akaanza kunihesabia kwa vidole. Kuna kemia ya dawa, yaani kwa nini kitu fulani kinatibu na ndugu yake anayefanana naye kinaua. Kuna elimu ya kutengeneza dawa: kidonge kisagwe vipi, kishikane na nini, kiyeyuke tumboni au mbele zaidi. Kuna elimu ya vijidudu, kwa sababu dawa ya macho au ya sindano ikiingiwa na uchafu ni sumu. Kuna elimu ya dawa zitokanazo na mimea. Na kuna famasia ya wodini, ambako mfamasia anakaa na daktari kuangalia mgonjwa huyu anameza nini na nini, na ipi inagombana na ipi.

Kwenye mimea hapo nilitega masikio. Kwinini iliyowapigisha wazazi wetu kelele masikioni ilitoka kwenye gamba la mti wa Amerika ya Kusini. Dawa mseto tunayomeza leo kwa malaria inatokana na jani lililotumika China tangu kale. Mama mmoja mtafiti wa huko, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kulifanyia kazi jani hilo mpaka likatoa dawa yake. Kwa hiyo mfamasia haucheki mwarobaini. Anachouliza ni kiasi gani, kwa nani, na kwa siku ngapi.

Halafu akatoa simu akanionesha picha. Mizani ndogo iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha vioo. “Unajua vioo vya nini?” Nikasema vumbi. “Vumbi, na pumzi yako. Ukihema karibu yake namba inayumba.”

Nikaitazama ile picha kwa muda. Mimi mizani yangu ilikuwa kijiko cha chai, na macho.

MENO YA JUNIOR

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote: rangi mbili, unga, sukari, mwaka mzima.

Mkemia hakunigombeza. Alinyamaza kidogo, halafu akanieleza polepole kama anavyomweleza mgonjwa dirishani. Tetrasaikilini inapenda sana kalsiamu, yale madini ya chokaa. Ikiikuta inaing’ang’ania. Ndio maana mtu mzima akipewa dawa hiyo anaambiwa asiimeze na maziwa, maana itang’ang’ana na chokaa ya maziwa huko tumboni isiingie mwilini. Sasa mtoto mdogo, meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi kabla hujayaona. Anayajenga kwa chokaa. Dawa inafika pale, inashikana nayo, inajengewa ndani ya jino kama tofali. Miaka inapita, jino linaota, linatoka na rangi yake. Ndio maana kwa kawaida dawa hiyo hawapewi watoto wa chini ya miaka minane, wala mama mjamzito.

“Kwa hiyo mswaki hausaidii?”

“Mswaki unasafisha nje, mwanangu. Hiyo iko ndani.”

Daktari wa meno naye alikuwa ameshamwambia dada kwamba kuna njia za kuyafunika mtoto akishakuwa mkubwa. Lakini ni gharama, na Junior ana miaka kumi. Mpaka awe mkubwa ana miaka mingi ya kucheka kwa kiganja.

Na hilo la meno, alisema Mkemia, ni lile linaloonekana. Lisiloonekana ni zile nusu dozi nilizowagawia mtaa mzima. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Nobel mwaka 1945 alionya mapema kuhusu mtu anayejinunulia dawa na kujipa kidogo: haviui vijidudu, anavifundisha kuizoea dawa. Na sisi hapa tumeshaona dawa ikizoeleka mbele ya macho yetu. Klorokwini iliyokuwa mfalme wa malaria, vimelea viliizoea, ikaondolewa kwenye matibabu ya kawaida mwaka 2001 ikaingia Fansidar. Haikudumu. Mwaka 2006 taifa likahamia kwenye dawa mseto. Dawa nazo zinaisha, msomaji, hata kama duka limejaa.

KWANI KAZI YAO NI NINI?

Nilimwuliza Mkemia aniambie kwa lugha ya daladala, ile skuli ipo kwa ajili gani. Akasema mambo matatu: kufundisha, kutafiti, kuhudumia. Nikamwambia hiyo ni lugha ya semina. Akafikiri, akasema hivi: “Dawa na sumu zinakaa rafu moja. Sisi tunafundishwa kusimama katikati.”

Na si kaunta tu. Mwaka 2022 kule Gambia walikufa watoto wapatao 70, na dawa za maji za kikohozi zilizokutwa na kemikali isiyotakiwa zikahusishwa na vifo hivyo. Hata mama akinunua dawa, akafuata maelekezo, akapima kwa kijiko sahihi, hilo lisingemwokoa mtoto. Kosa lilikuwa ndani ya chupa. Mtu wa kuliona kosa la namna hiyo si mama wala muuzaji, ni mtu wa maabara. Wataalamu kama hao ndio wanaohitajika viwandani, Bohari ya Dawa, na kwenye mamlaka inayokagua dawa, ile iliyoanza mwaka 2003 kwa jina la TFDA na tangu 2019 inaitwa TMDA.

Lakini tuseme ukweli, wafamasia wa shahada hawawezi kutosha kila kichochoro. Ndio maana kuna mafundi sanifu wa dawa wanaosomea stashahada, na ndio maana mwaka 2003, kuanzia mkoa wa Ruvuma, ulianzishwa mpango wa Duka la Dawa Muhimu ambapo muuzaji lazima apewe mafunzo na aruhusiwe kuuza dawa zilizoorodheshwa tu. Kwa hiyo njia ya kusimama nyuma ya kaunta kihalali ipo, hata kwa aliyeishia kidato cha nne akiwa na Kemia na Biolojia zinazoeleweka. Mimi na F yangu tulipita dirishani.

NIMEMWAMBIA DADA

Nilirudi nyumbani siku ile nikala kimya. Junior alikuwa sebuleni anaangalia katuni, anacheka na kiganja chake mdomoni. Nikamwita dada nje, kwenye ngazi. Nikamwambia, “Dada, daktari alipouliza dawa, mimi nilikuwa nazijua.”

Nikamweleza kama nilivyoelezwa, chokaa na tofali na yote. Nilitegemea kofi, au kilio. Dada alikaa akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Mwisho akasema, “Mimi ndiye niliyekutuma.” Hakusema zaidi ya hapo. Akaingia ndani kumwekea mtoto chakula.

Kwa Junior bado sijasema. Nimemwuliza mama yake, amesema tusubiri kidogo. Ila nimeanza kuweka akiba. Kila makala ninayolipwa, na hii ikiwemo, sehemu inaingia kwenye kopo la meno. Ni kidogo, lakini naiweka.

Sasa na wewe uliyesoma mpaka hapa usiondoke mikono mitupu. Mkemia amenipa haya nikupe:

Ukienda kununua dawa, uliza aliye nyuma ya kaunta ni nani. Leseni na vyeti vinatakiwa viwe ukutani, visome. Koti jeupe linauzwa Kariakoo, hata mimi nililivaa.

Dawa za kuua bakteria ni za cheti cha daktari. Ukiandikiwa, meza jinsi ulivyoelekezwa mpaka mwisho, hata kama siku ya pili umeshaanza kucheza disko. Na usimpe jirani zilizobaki.

Kidonge cha mkubwa usikigawe kwa macho ukampa mtoto. Mtoto ana dawa zake na vipimo vyake.

Parasetamol nayo usiichukulie poa. Mtu mzima asizidishe gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Na kumbuka dawa nyingi za mafua zina parasetamol hiyo hiyo ndani yake, kwa hiyo unaweza ukazidisha bila kujua.

Mwisho, ukiwa mjamzito au unanyonyesha, sema kabla hujaulizwa.

Lile duka letu la mtaani lilishafungwa zamani, sasa pale wanauza chipsi. Juzi nimepita, mama mmoja mtu mzima akanipungia mkono kutoka ng’ambo ya barabara. “Dokta! Umepotea!” Nilivuka, nikamwamkia, nikamwambia, “Mama, mimi si dokta. Sijawahi kuwa.” Akanitazama kama nimechanganyikiwa, halafu akaniuliza kama bado nina zile dawa za mgongo.

Tukutane wiki ijayo.